Mkono Unaojizuia

Ukitaka kumjua muuguzi hodari wa makao ya wazee, mtazame anapokuta kisigino cha bibi aliyelala kutwa kimeanza kuiva. Hakisugui. Anakibonyeza kwa kidole, anaachia, anatazama kama wekundu unafifia. Ngozi ikiwa nyeusi jicho hudanganya, kwa hiyo anakipapasa na kukilinganisha na kisigino cha pili: kina joto zaidi? Kimekuwa kigumu, au kinabonyea? Kisha anaweka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse godoro.

Mikono hutamani kusugua. Vizazi vya wauguzi, tena kwa nia njema, vilisugua hapohapo kwa spiriti na mafuta. Mwaka 1962 Doreen Norton na wenzake, waliochunguza wazee waliolazwa hospitalini Uingereza, walionyesha kuwa kinga ni kumgeuza mgonjwa, si dawa za kupaka. Mwaka huohuo, hukohuko Uingereza, George Winter alichapisha utafiti wake kwa nguruwe wachanga: majeraha yaliyofunikwa kwa plastiki nyembamba yaliota ngozi karibu mara mbili upesi kuliko yaliyoachwa wazi. Nasi tumelelewa na "kiache kipigwe upepo kikauke"! Kumbe kigaga tulichokishangilia huiwekea kizuizi ngozi changa, ikabidi ipenye chini yake kutafuta unyevu.

Kuyajua haya ni rahisi. Kazi ni kuyaingiza kwenye makao ambamo chupa ya haidrojeni peroksaidi imezoeleka rafuni na mkuu wa zamu anaiamini kuliko maji ya chumvi. Nawavulia kofia wanaoyaingiza bila kelele, kwa rula ya karatasi: kidonda kinapimwa kila wiki, urefu kutoka upande wa kichwa hadi wa miguu, upana kukatisha, hadi watu waache kuandika "kinaendelea vizuri" na waanze kuandika sentimita.

Na utafiti haumwongezei muuguzi kazi kila mara. Mwaka 2013 Nancy Bergstrom na wenzake walitoa matokeo ya wazee 942 katika makao 27 ya Marekani na Kanada, wote wakiwa kwenye magodoro ya sponji nzito. Waliogeuzwa kila baada ya saa 2, 3 au 4 hawakutofautiana sana kwa vidonda katika wiki 3 za kufuatiliwa. Kwa godoro la namna hiyo, muuguzi aliyekagua ngozi vizuri jioni anaweza kumwacha bibi alale kwa muda wa hadi saa 4 kabla ya kumgeuza.