Esansi, mafuta na milima ya Butembo

Mwenye piki ndogo ya mapigo mawili, Butembo au Beni, akibakiwa na faranga chache baada ya kununua esansi, anunue nazo mafuta mazuri ya mota. Vichupa vya kupandisha oktani aviache dukani.

Butembo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Silinda hubana hewa kidogo, hivyo mota haigongi upesi. Esansi ya kawaida inayopitia Kasindi yatosha, mradi iwe safi.

Usafi ndio wa kuchunguza, hasa kwa anayenunua chupa kwa kadhafi, yaani muuzaji wa esansi kando ya barabara. Mafuta ya taa yakichanganywa humo hushusha oktani na hayageuki mvuke vizuri. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi hukauka bila alama, iliyochakachuliwa huacha doa. Maji nayo hutuama chini ya chupa. Fanya jaribio hili kabla ya kutia mafuta ya mota, kwani baadaye kila tone litaacha doa.

Mota ya mapigo mawili haina hifadhi ya mafuta chini yake kama piki za mapigo manne. Mafuta huingia pamoja na esansi, hulainisha beringi na pistoni, kisha huungua. Kwa hiyo ni lazima yalainishe vizuri na yaungue bila kuacha uchafu. Mafuta ya mapigo manne yana kalsiamu na zinki. Yakiungua huacha majivu juu ya pistoni na kwenye bujia, nayo yakipata joto kali huwasha esansi kabla ya wakati. Mafuta ya mota za mitumbwi, yenye alama TC-W3, wanayotumia wavuvi wa Ziwa Edward, hayana majivu, lakini yalitengenezewa mota inayopozwa kwa maji. Piki inayopozwa kwa upepo, ikipanda mlima na abiria na gunia, ina joto kali zaidi. Tafuta alama JASO FC au FD.

Kipimo kifuate kitabu cha mtengenezaji. Moja kwa hamsini ni mililita 20 kwa lita. Moja kwa ishirini na tano ni mililita 40. Kuzidisha hakuikingi mota: mafuta yakizidi, esansi inayopita kwenye jeti ya kabureta hupungua, pistoni hupata joto na bujia hujaa masizi. Yamaha AG100 ina pampu yake ya mafuta, na ikiwa nzima, usichanganye kwenye tangi.

Anayechanganya kwa mkono ajihadhari na mteremko. Ukifunga gesi kabisa huku gia ikizungusha mota kwa kasi, esansi hupita kidogo mno, na mafuta vilevile. Fungua gesi kidogo kila mara. Na fundi aliyeweka jeti ndogo kwa ajili ya Butembo airudishe kubwa kwa anayehamia Beni, kwenye mita 1,100 hivi: hewa ni nzito zaidi huko, na jeti ndogo huinyima mota esansi na mafuta kwa pamoja.

Esansi iliyojaribiwa, mafuta yenye alama sahihi, kikombe cha kupimia na jeti inayolingana na mahali: hivyo ndivyo vinavyolinda pistoni, na hakuna kichupa cha oktani kinachoziba pengo la kimojawapo.