Bondman kwenye Televisheni, Twilight Sebuleni

Anya Forger anapenda karanga, na anapenda katuni ya televisheni iitwayo Spy Wars. Shujaa wa katuni hiyo ni jasusi Bondman: anavamia ngome, anawakung'uta wabaya, anamwokoa binti mfalme. Anya mwenyewe ni mhusika wa Spy x Family, manga ya Tatsuya Endo iliyoanza kutoka Japani Machi 2019, ikafanywa anime Aprili 2022 na studio za Wit na CloverWorks chini ya mwongozaji Kazuhiro Furuhashi. Bondman, basi, ni katuni ndani ya katuni. Mtunzi mwingine angemtumia kwa kichekesho kimoja akamwacha hapo. Endo amempa kazi nzito, na ufundi huo unastahili kutazamwa bila haraka.

Asili ya Bondman haijifichi. Ian Fleming, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la wanamaji la Uingereza, alimzaa James Bond mwaka 1953 katika Casino Royale. Filamu ya Dr. No ikafuata mwaka 1962, na mwaka 1967 Bond alitua Japani kwenyewe katika You Only Live Twice. Waliokua wakisoma Willy Gamba wa Elvis Musiba wanamfahamu jasusi wa aina hii: mtanashati, hodari, jina lake linatangulia kabla hajaingia mlangoni.

Baba mlezi wa Anya hana hata jina la kweli tunaloweza kumwita. Kazini ni Twilight, nyumbani ni Loid. Ametumwa kutoka Westalis kwenda Ostania, nchi mbili zinazoviziana, na jiji la Berlint huko Ostania linatukumbusha Ujerumani iliyogawanyika, pamoja na polisi wa siri mfano wa Stasi. Ili amfikie mwanasiasa Donovan Desmond, anahitaji mtoto wa kumsomesha katika shule ya Eden. Kwa hiyo anaunda familia ya bandia. Mke aliyempata, Yor, kumbe ni muuaji wa kukodiwa, na hakuna kati yao anayeijua siri ya mwenzake. Anayezijua zote ni Anya, kwa sababu anasoma mawazo ya watu.

Hapa ndipo Endo alipofunga fundo lake. Anya hawezi kumwambia baba yake, "Najua wewe ni jasusi, na nakupenda hivyo hivyo." Akitamka, siri yake mwenyewe itafichuka, naye anaogopa kurudishwa kituo cha yatima. Lakini hakuna anayemkataza mtoto kupenda katuni. Kila anapomshangilia Bondman, anampa Loid, hadharani kabisa, sifa ambazo Loid hawezi kupewa na mtu yeyote. Loid anadhani mtoto ana wazimu wa televisheni tu.

Tazama sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza. Anya amefaulu kuingia Eden, na zawadi anayoitaka ni kuokolewa ndani ya ngome, kama kwenye Spy Wars. Loid anakodi ngome nzima, majasusi wenzake wanaitwa kucheza maadui, rafiki yake Franky anakuwa mtekaji, naye mwenyewe anageuka Loidman. Yor, amelewa, anacheza mchawi na kumrushia mumewe mateke ya kweli kabisa. Tunacheka, na ni halali kucheka. Ila mtu ambaye maisha yake yote yamekuwa kufuta nyayo zake anakimbia hadharani kama shujaa wa watoto, kwa sababu mtoto mmoja ameomba. Endo haweki maneno yoyote ya kutuelekeza tusikitike au tufurahi. Anaiacha shughuli iende, na uzito wake unatufikia wenyewe.

Baadaye familia inapata mbwa mkubwa mweupe anayeona yatakayotokea, na Anya anampa jina la Bond. Ndivyo shujaa wa kwenye televisheni alivyopata makao ndani ya nyumba, bila mtunzi kuhitaji kutueleza lolote.

Katika hadithi nyingi za kijasusi, jasusi maarufu hurejelewa ili adhihakiwe au aigwe. Endo amemtumia kama lugha ya mtoto aliyefungwa mdomo, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika Spy x Family, kupita mapigano na hata vichekesho vyake. Ukirudi kuitazama, mwangalie Anya kila televisheni inapowashwa.