Ufundi wa Kugawa Diski

Diski mpya ya kompyuta huja tupu, na kabla ya faili la kwanza kuandikwa humo kuna uamuzi wa kufanya: iachwe nzima, au igawanywe katika maeneo ambayo mafundi huyaita patisheni. Patisheni ni eneo la diski lenye mwanzo na mwisho unaojulikana, na mfumo endeshi huliona kama diski inayojitegemea. Windows hulipa herufi yake, ndiyo maana ofisini husikika agizo la "weka kwenye D" ilhali kompyuta ina diski moja tu. Mpaka wenyewe haukatwi kwenye chuma. Ni namba chache zilizoandikwa mwanzoni mwa diski, na hapo ndipo penye uzuri wa ufundi huu: kwa namba hizo, fundi huamua mapema ni kitu gani kitapona siku kingine kitakapoharibika.

Mpango uliotawala kompyuta binafsi kwa miaka mingi ulikuja mwaka 1983, pamoja na IBM PC XT yenye diski ya megabayti 10 na toleo la 2.0 la DOS. Kila kitu kilienea katika sekta ya kwanza ya diski, yenye bayti 512. Bayti 446 ziliachiwa programu fupi ya kuwashia kompyuta, 64 zikawa jedwali la patisheni, na mbili za mwisho zikabeba alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Kila patisheni ilipata bayti 16 za kueleza inapoanzia, ukubwa wake, aina yake, na kama ndiyo ya kuwashia. Hivyo jedwali lilitosha patisheni kuu nne. Na kwa kuwa idadi ya sekta iliandikwa kwa biti 32, diski yenye sekta za bayti 512 haikuweza kutumika kupita takriban terabayti 2.2.

Mpango wa GPT, unaokwenda pamoja na UEFI, programu ya kuwashia kompyuta za kisasa, uliondoa vikwazo hivyo. Kwa kawaida hutenga nafasi za patisheni 128, huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski, na huambatanisha namba ya ukaguzi ili jedwali lililoharibika litambulike. Kwa kompyuta ya leo, GPT ndilo chaguo la kuanzia.

Baadhi ya sababu zilizowafanya mafundi wa zamani wagawe diski zimekwisha. Katika FAT16, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, patisheni ya gigabayti 2 iligawanywa katika vipande vya kilobayti 32, na kila faili lilichukua angalau kipande kizima. Barua ya kilobayti moja ilikula kilobayti 32. Patisheni ndogo zilikuwa na vipande vidogo, kwa hiyo kugawa kuliokoa nafasi nyingi. NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows ambao kwa kawaida hutumia vipande vya kilobayti 4, umeifuta hoja hiyo. Vilevile, katika diski zinazozunguka, njia za ukingoni husomwa haraka kuliko za ndani, na wapo waliotenga eneo la mwanzo kwa ajili ya programu ili zipate kasi. SSD haina sahani wala kichwa cha kusomea, na husambaza maandishi katika chipu zake bila kujali mipaka ya patisheni. Kuigawa hakuiongezei kasi.

Sababu iliyobaki ndiyo yenye uzito: mpaka huwekwa kati ya vitu visivyo na hatima moja. Mfumo endeshi huharibika, huingiliwa na virusi, huzeeka na kubadilishwa. Picha za familia, hesabu za duka na tasnifu ya mwanafunzi hazibadilishwi. Vikikaa pamoja kwenye C, siku fundi anapolazimika kufomati na kupiga Windows upya, kwanza itabidi ahangaike kuhamisha kila kitu. Kazi ikiwa kwenye D, C hufutwa na D haiguswi. Watumiaji wa Linux hufanya vivyo hivyo kwa kuipa /home, folda ya mafaili ya watumiaji, patisheni yake. Kwenye seva, /var nayo hutengwa, kwa sababu humo ndimo kumbukumbu za matukio hurundikana. Zikifurika, hujaza patisheni yao tu, na mfumo hubaki na nafasi ya kupumua. Anayetaka Windows na Linux katika kompyuta moja naye huhitaji patisheni, kwa kuwa kila mfumo una namna yake ya kupanga mafaili.

Hata hivyo, mpaka una kikomo cha ulinzi wake. Diski ikifa, C na D hufa pamoja. Kompyuta ikiibwa, zote huondoka. Virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fidia hupita kwenye kila herufi vinayoifikia. Nakala iliyo kwenye D ya diski ileile haiwezi kuitwa akiba. Akiba ya kweli hukaa kwenye diski nyingine, na ikiwezekana mahali pengine.

Ugumu wa kazi uko katika kukadiria ukubwa. Diski iliyouzwa kama terabayti 1 huonekana katika Windows kuwa na gigabayti 931, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Katika hizo, C lazima itoshe mfumo, masasisho, programu, na mafaili makubwa ambayo Windows hujitengenezea yenyewe. Kosa la kawaida ni kuibana. Baada ya muda C hugeuka nyekundu ilhali D ina nafasi tele, na kifaa cha Windows hakiwezi kuipanua C mpaka pawe na nafasi isiyogawiwa inayofuatana nayo. Mara nyingi patisheni ya urejeshaji imekaa hapo katikati, na kitufe cha kupanua hakibonyezeki. Ndiyo maana kwenye SSD ya gigabayti 256 ni heri kubaki na patisheni moja na folda zilizopangwa vizuri. Kwenye diski kubwa, ni busara kuipa C zaidi ya inavyoonekana kuhitaji. Mifumo mingine imelegeza kamba: LVM ya Linux huruhusu maeneo kuongezwa bila kufuatana, na APFS, iliyoingia katika kompyuta za Mac mwaka 2017, huacha maeneo kadhaa yachangie nafasi moja.

Uamuzi ukishafanywa, utekelezaji hudai utulivu. Nakala ya vitu vya thamani hutangulia, na umeme uwe wa uhakika, kwa kuwa patisheni inayohamishwa ikikatikiwa njiani huweza kupoteza kila kitu. Jina na ukubwa wa diski husomwa upya kabla ya kubofya, hasa ikiwa kuna diski mbili zinazofanana. Patisheni ya kwanza huanzia sekta ya 2,048, yaani megabayti moja kutoka mwanzo. Zamani ilianzia sekta ya 63, na kwenye diski zenye sekta halisi za bayti 4,096 vipande vya mafaili vilipandana na mipaka, hivyo andiko moja likagusa sekta mbili. Vifaa vya sasa hulipanga hilo vyenyewe, lakini fundi mzuri hulikagua. Mwisho, kila patisheni hupewa jina linaloeleza kazi yake, Mfumo au Kazi au Picha, na ukubwa wa kila moja huandikwa pahali nje ya kompyuta hiyo, ili atakayeifungua baadaye aelewe kwa nini mipaka iliwekwa pale ilipo.