Tovuti ya Chuo Kikuu: Chombo na Manahodha Wake

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyefaulu vema mtihani wa kidato cha sita, alitaka kuomba nafasi ya kusomea ualimu wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja ambacho jina lake nitalisitiri. Alifungua tovuti ya chuo hicho. Ukurasa wa kitivo ulimwambia kuwa maombi yangefungwa mwisho wa mwezi. Ukurasa wa ofisi ya udahili ulisema yangefungwa majuma mawili kabla ya hapo. Ukurasa wa Kiswahili, ambao ndio aliouamini, ulikuwa na ada na masharti ya miaka mitatu nyuma. Kijana akapeleka maombi yake kwa kuchelewa, akakaa nyumbani mwaka mzima.

Sisi walimu tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Naona yafaa tuihakiki na tovuti, kwa kuwa nayo ni maandishi, na msomaji wake akipotoshwa hasara yake si ndogo.

Kosa la tovuti ile halikuwa la mitambo, bali la usimamizi. Kila idara iliandika habari ile ile kwa mkono wake, wala hapana aliyejua mwenzake kaandika nini. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Dawa yake inajulikana: habari inayowahusu wote, kama vile ada, tarehe na sifa za kujiunga, iandikwe na kuhifadhiwa mahali pamoja tu, na kurasa zote zinazoihitaji ziichote hapo, mithili ya kijiji kinachoteka maji katika kisima kimoja. Ikisahihishwa mara moja, imesahihishwa kote. Lakini kisima cha wote kikichafuka, kijiji kizima huugua. Kwa hiyo sharti kiwe na mlinzi anayejulikana kwa cheo chake, na kila ukurasa uonyeshe tarehe ulipokaguliwa mara ya mwisho.

Katika mpango wa namna hiyo tafsiri nayo haina budi kuwa na mahali pake. Kiingereza kikibadilishwa, mfasiri apewe habari siku hiyo hiyo. La sivyo Kiswahili hubaki nyuma kikisema uongo kwa lugha fasaha. Tazameni Wales, nchini Uingereza. Sheria ya mwaka 2011 ilikipa Kiwelisi hadhi rasmi na kuweka Kamishna wa kukisimamia, na tangu 2018 vyuo vikuu vya huko vinabanwa na kanuni zinazogusa hata tovuti: Kiwelisi kisitendewe vibaya kuliko Kiingereza. Huko lugha hiyo hailindwi na hisani ya mkuu wa idara, bali na kanuni ambayo mtu aweza kuishtakia.

Hapa Uganda, Katiba imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vijana watakaotafuta vyuo kwa lugha hii wataongezeka. Tovuti niliyoihakiki ilipambwa kwa salamu nzuri za Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya 7 Julai iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Salamu ile haikumfaa kitu kijana wangu. Alihitaji tarehe ya kweli.

Watetezi wa chuo watasema kuwa fedha za wafasiri hazipo. Nami nawajibu kwamba ukurasa mmoja wa Kiswahili ulio sahihi wapita kumi zilizochakaa. Usioweza kutunzwa na uondolewe, msomaji aelekezwe penye habari ya kweli.

Nasi walimu tusiishie kulaumu. Kila mmoja wetu na asome kurasa za Kiswahili za chuo kilicho karibu naye kabla ya msimu wa udahili kuanza, na makosa atakayoyaona ayapeleke kwa maandishi. Huo nao ni usahihishaji, kazi tuliyoizoea.