Mgeni na Jembe: Uhakiki wa Lugha ya Wanawake Waliopasuliwa Titi, Kitale na Bungoma

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekusanya mengi: ngano, vitendawili, nyimbo za jando na za kazi, maombolezo ya matanga. Lakini upo usemi mmoja ambao ni nadra kuukuta katika mikusanyo yao, nao ni ule wa wagonjwa wanapoambiana namna ya kupona. Makala haya yanakusudia kuuchunguza usemi huo kama ulivyosikika katika chumba kimoja mjini Kitale, ambamo wanawake saba walikuwa wakikutana kila Jumamosi alasiri. Wote walikuwa wamepasuliwa titi kwa sababu ya saratani. Inafaa msomaji aelezwe mapema kwamba mwandishi hakuingia chumbani humo kwa utafiti. Aliingia kwa kuwa alikuwa mgonjwa wa saba.

Kwetu ni Bungoma. Titi langu la kushoto lilitolewa, na katika upasuaji uleule madaktari wakaunda jingine kwa ngozi na nyama ya tumbo. Nilipotoka hospitalini dada yangu alinichukua Kitale anitunze, maana nyumbani mwangu hapakuwa na mtu wa kunichotea maji. Sitaitaja hospitali, kwa sababu nililo na ugomvi nalo ni karatasi tu niliyopewa nilipokuwa nikiaga. Ilikuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba mgonjwa baada ya kuondolewa titi anaweza “kurudishiwa”. Pahali pengine ilisema “kujengewa upya”.

Tuvitazame vitenzi hivi kwanza. Kurudisha ni kukileta kilekile kilichoondoka. Aliyeazima sufuria huirudisha, naye mwenyewe huitambua kwa kovu lake. Kujenga ni kitenzi cha nyumba, na tangu uhuru kimekuwa pia kitenzi cha taifa, hata hatuwezi kukisikia bila kuona bendera ikipepea kwa nyuma. Kuumba tumemwachia Mwenyezi Mungu na mfinyanzi. Kuunda ni kazi ya fundi wa jahazi, ambaye hukata mbao za mti mmoja na kuziunganisha zikawa kitu ambacho mti wenyewe haukuwa. Kwa maana hiyo kuunda ndiko kunakokaribia ukweli. Mfasiri hakukichagua kitenzi hiki, labda kwa kuwa hakikumjia, au labda kwa kuwa hakitoi ahadi nzuri.

Maana historia ya upasuaji huu ni historia ya kuunda. Mwaka 1895 daktari Vincenz Czerny, huko Ujerumani, alichukua uvimbe wa mafuta usio na madhara kutoka ubavuni mwa mgonjwa akaujaza pale palipotolewa titi. Mwaka 1906 Iginio Tansini wa Italia alieleza namna ya kuleta ngozi na msuli wa mgongo mbele ya kifua. Mifuko ya silikoni ilianza kutumiwa Marekani mwaka 1962, na njia ya nyama ya tumbo ikaenea baada ya maelezo ya Carl Hartrampf mwaka 1982. Katika njia zote hizi kinachopatikana ni umbo. Umbo hilo halitoi maziwa. Aghalabu hisia zake huwa chache, pengine hakuna kabisa, na chuchu, ikiwapo, imeshonwa kwa ngozi au imechorwa kwa wino kama chale. Mgonjwa aliyeahidiwa kurudishiwa hana budi kuyagundua hayo peke yake, usiku, kwa mkono wake mwenyewe. Hili si jambo la msamiati tu, kwa kuwa mtu hukubali kisu kwa neno aliloambiwa.

Ugumu wenyewe unazidi kwa sababu ya lugha zetu. Katika Kiswahili ziwa ni kiungo, na wingi wake ndio kinywaji. Katika Lubukusu libeele ni titi, na kamabeele ni maziwa. Lugha zote mbili zimekataa kutenga chombo na kilichomo. Mbukusu akisikia libeele lisilo na kamabeele amesikia karibu kinyume cha maneno, kama kisima cha ukavu. Kiingereza kina neno moja la kiungo na jingine la kinywaji, ndiyo sababu mwandishi wa karatasi ile ya asili hakuhisi pengo lolote. Mfasiri alipaswa kulihisi.

Sasa tuingie chumbani. Kati yetu saba, wawili tu ndio tulioundiwa titi. Wengine watano walikuwa wamebaki na kovu, na baadhi yao walijaza sidiria kwa vitambaa au kwa titi la kufuma kwa nyuzi. Uwiano huo haushangazi. Upasuaji wa kuunda titi una gharama kubwa na madaktari wake ni wachache, na mwanamke wa Kiminini au Kamukuywa aliyefika mpaka Eldoret na kutibiwa saratani yenyewe hujiona amekwisha kupata alichokifuata. Mimi niliingia nikijikunja, kwa kuwa ngozi ya tumbo ilikuwa bado imekaza na sikuweza kusimama wima. Mama mmoja aliniuliza kama nilikuwa nimeangusha sindano sakafuni. Ndivyo nilivyokaribishwa.

Mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Kukhu ingawa watatu hawakuwa Wabukusu, hakusema neno la pole. Alitazama mirija miwili ya kutolea maji iliyokuwa ikining'inia ubavuni, akaomba leso, akaikunja na kuifunga kiunoni mwangu ikawa na mifuko miwili ya kubebea vile vichupa. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa miongoni mwetu, alinisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia niupande kwa vidole vya mkono wa kushoto polepole, kisha akatia alama ya chaki pale vidole vilipokomea. Chini ya alama yangu palikuwa na alama za wengine, kila moja na tarehe yake. Nilipoona kwamba mama aliyekuwa akicheka kwa nguvu kuliko wote alianzia chini ya pale nilipoanzia mimi, nilipata faraja ambayo karatasi yangu haikuwa nayo katika kurasa zake nne.

Mwenzangu wa pili aliyeundiwa titi ndiye aliyeleta neno ninalotaka kulihakiki. Aliliita mgeni. Hakulieleza. Alisema tu kwamba mgeni wake siku hizi analala vizuri, na wote wakaelewa. Tashihisi hii ina mantiki kamili. Mgeni ametoka kwingine, na ni kweli, kwani ametoka tumboni. Mgeni hajui desturi za nyumba, ndiyo maana hahisi baridi wala mguso. Haulizwi kwa nini hafanani na wenyeji. Hupewa mahali pazuri, hutazamwa kwa haya, na baada ya muda watoto humzoea kabla ya watu wazima. Palepale mtu akadakia methali tunayoijua sote, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapo chumba kilipasuka kwa kicheko, kwa kuwa ulikuwa msimu wa palizi, na madaktari walikuwa wametukataza wawili sisi kushika jembe au kuinua kitu kizito kwa muda wa wiki sita. Huyu basi akawa mgeni wa ajabu, asiyepewa jembe hata siku ya arobaini.

Mhakiki wa fani ataona kwamba methali imepinduliwa, na kwamba mzaha umebeba maagizo ya daktari ndani yake. Mimi niliyasahau mengi niliyosomewa hospitalini, lakini sharti hilo la wiki sita sikulisahau. Ataona vilevile kwamba “mgeni” haahidi chochote ambacho kisu hakiwezi kukitimiza. Kurudisha kunasema: ni lilelile. Mgeni anasema: si lile, lakini limo nyumbani. Kwa uzito wa maana, naona neno la mkulima yule wa Kitale limelishinda neno la mfasiri.

Kiswahili cha chumba kile kilikuwa cha bara, chenye upatanisho wa ngeli ambao ungemkasirisha mtahini. Hata hivyo kilifanya kazi ambayo lugha za nyumbani zilishindwa. Mbukusu mmoja alieleza kwamba asingeweza kulitaja titi lake kwa Lubukusu pale, kwa kuwa kulikuwa na mwanamke aliyehusiana na wakwe zake, na heshima ya ukwe ni nzito. Kwa Kiswahili alilitaja bila kuinamisha macho. Lakini Kiswahili nacho kina sitara yake ya hatari. Watu wengi husema “kifua” wanapokusudia titi. Mwenzetu mmoja alikwenda kwenye zahanati akasema anaumwa na kifua, akapewa dawa ya kikohozi. Akarudi mara ya pili na neno lilelile, na akapewa dawa ileile. Miezi ikapita katika tafsida moja.

Usemi huu tuuweke wapi katika tanzu zetu? Si ushuhuda wa kanisani, ingawa watano kati yetu walikuwa wamekwisha kusimama kanisani. Ushuhuda unadai mwisho wa ushindi, na anayesimulia hana ruhusa ya kusema kwamba bado anaogopa. Wala haufanani na kumuse, ile hotuba kubwa ya Wabukusu ambayo mzee mwenye kipawa cha ukoo huitoa baada ya maziko ya mzee mwenziwe, akitembea uwanjani na kusimulia asili ya watu na kufariji waliobaki. Kumuse ina fanani mmoja mwanamume na hadhira kubwa, na inakuja baada ya kifo. Chumbani mwetu kila mmoja alikuwa fanani na hadhira kwa zamu, na tulikuwa tukisema ili kifo kisubiri.

Jamaa yake wa karibu zaidi huenda akawa mbali kabisa, Pate, mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake akiwa mgonjwa, na mwanzoni anamweleza binti yake kwamba maradhi yamemshika kwa mwaka mzima, yakamzuia asimwambie neno jema, kisha anamtaka akae na wino na karatasi. Mjadala juu ya utendi huo umekuwa mwingi kuhusu utii wa mke, na ni haki uwe hivyo. Lakini ni mara chache tunausoma kama kauli ya mwili unaouma. Nilipousoma tena Kitale, nikiwa nimelala chali kwa sababu sikuweza kulala vingine, ubeti ule wa kuomba wino ulinishika kuliko mawaidha yote yanayoufuata. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona anasema na mtu mzima wa afya. Hakuwa na mgonjwa mwenziwe wa kumdhihaki.

Nje ya Afrika, Susan Sontag alikwisha kuonya mwaka 1978 juu ya sitiari za vita zinazozunguka saratani, na kwetu pia mgonjwa huitwa shujaa hata kama anachokitaka siku hiyo ni kulia. Audre Lorde, katika kitabu chake cha mwaka 1980, anasimulia jinsi alivyoletewa titi la bandia hospitalini na mwanamke mwema aliyekwisha kupasuliwa kama yeye. Lorde alilikataa, akiona kwamba kulivaa ni kuwaficha wanawake wenye kovu wasijuane. Hoja yake ina nguvu, nami niliyeundiwa titi siwezi kuikwepa. Ila chumbani kwetu kufichana hakukuwako: mwenye mgeni na mwenye kovu walifunguliana vifungo vya blauzi bila kuombana radhi. Wivu ulikuwako, nisidanganye. Mama mmoja alinitazama muda mrefu, kisha akauliza bei.

Wala nisiusifu usemi huu kupita kiasi. Ulikuwa na makosa yake. Niliwahi kusikia pale kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa, imani ambayo imewaua wengi kwa kuwachelewesha, na ilisemwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa hai kwa sababu ya kisu. Mwalimu alimkanusha kwa kumwonyesha kovu lake mwenyewe. Si kila chumba kina mwalimu.

Kwa wanaisimu nina jambo moja. Kuugua huzaa kuuguza. Kwa umbo, kuuguza kulipaswa kuwa kumfanya mtu augue, lakini maana yake ni kumtunza aliyekwisha kuugua. Sarufi zetu hulitaja kama jambo la pekee na kupita. Tukiongeza kiambishi cha kutendana tunapata kuuguzana, neno ambalo kamusi hazilihitaji sana, kwa kuwa huchukuliwa kwamba mwuguzi ni mzima na mwuguzwa ni mgonjwa. Kitale niliwasikia wakilitumia kama neno la kila siku. Manusura nalo lina siri kama hiyo: mzizi wake wa Kiarabu ni wa kusaidiwa na kuokolewa, hata ndani ya neno mna mtu wa pili. Shujaa hana mtu wa pili.

Jumamosi yangu ya mwisho kabla ya kurudi Bungoma niliichukua ile karatasi nikawasomea, kisha tukaanza kuisahihisha kwa kalamu nyekundu ya mwalimu. “Utarudishiwa” ilifutwa bila ubishi. Kuhusu neno la kuweka badala yake hatukupatana. Mmoja alitaka “utawekewa”, mwingine “utashonewa”. Mimi nilipigania “utaundiwa”, nikaambiwa kwamba hicho ni Kiswahili cha chuo. Kukhu, ambaye hakuundiwa chochote, hakujali kitenzi. Alitaka sharti la jembe liandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa, na chini yake paulizwe ni nani atakayelima shamba la mgonjwa katika hizo wiki sita. Mwalimu aliliandika swali hilo, na pale palipofutwa kitenzi akaacha nafasi.