Kidirisha cha Neno la Siri na Namna ya Kukipima

Tangu mwaka 1995, pale Tatu Ylönen alipoitunga itifaki ya SSH, ya kuingilia kompyuta za mbali kwa usalama, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo hicho, mafundi wamejitahidi mno kuilinda njia ndefu iendayo kwenye seva ya mbali, na aghalabu wakaghafilika na ile hatua fupi iliyo baina ya vidole vya mtumiaji na programu inayolipokea neno lake. Hatua hiyo ndiyo amana ya kidirisha kiitwacho ssh-askpass, ambacho huitwa na programu ya ssh, au na ssh-add inayoongeza funguo za SSH kwa wakala wa kuzishika, pasipo na dirisha la amri la kuulizia. Nacho hulipokea neno, hulitoa kwa aliyekiita, kisha hujifunga.

Ubora wake, kwa rai yangu, huanzia katika kuihodhi kibodi. Katika mfumo wa madirisha wa X, programu yoyote iliyounganishwa na skrini hiyohiyo yaweza kusikiliza kila herufi ibonyezwayo, hata isiyoihusu. Kwa hiyo kidirisha stahiki hujitwalia kibodi yote maadamu kiko wazi, na kikishindwa hukataa kuendelea na kutaja sababu, kama ifanyavyo gnome-ssh-askpass, inayomtahadharisha mtumiaji kwamba huenda kuna programu yenye nia mbaya inayomdukua. Nakisifu sana kidirisha chenye ujasiri huo wa kukataa, kwani kile kinachonyamaza na kuendelea kupokea humpa mtu utulivu asiostahiki kuwa nao. Kukijaribu si kazi: kifungue, kisha ujaribu kuandika katika dirisha jingine, herufi zikitokea huko, kiache. Katika Wayland, mfumo mwingine wa madirisha, jaribio hili halina uzito uleule, madhali mfumo wenyewe huzipeleka herufi kwenye dirisha lililoteuliwa tu.

Halafu tazama kinachoonyeshwa wakati wa kuandika. Nukta moja kwa kila herufi humfunulia jirani urefu wa neno, ilhali kutoonyesha chochote humtia mwandishi shaka. Mimi napendelea ishara inayothibitisha kuwa herufi imepokewa bila kuhesabika. Fauka ya hayo, ujumbe unaotaja ufunguo unaoombewa neno uonekane wote bila kukatwa, hususan kwa mwenye funguo nyingi.

Jambo ambalo wengi hawalichunguzi ni uthibitisho. Ufunguo ulioongezwa kwa wakala kwa amri ya ssh-add -c hutaka ridhaa ya mwenyewe kila utumikapo, na hapo kidirisha hakina budi kuuliza ndiyo au la tu, wala kisitoe nafasi ya kuandika neno la siri lisilohitajika. Kumbukumbu ya kidirisha nayo ifutwe mara neno likishatolewa. Ama ukitaka kidirisha kitumike hata palipo na dirisha la amri, OpenSSH, mkusanyo wenye hizo ssh na ssh-add, tangu toleo la 8.4 la mwaka 2020 hukisoma kigeu cha mazingira SSH_ASKPASS_REQUIRE, nacho kikipewa thamani ya force, swali huja kwenye kidirisha.