Winga na Paji la Mwenzake

Tarehe 2 Mei 1953, uwanjani Wembley, katika fainali ya Kombe la FA, Blackpool walikuwa nyuma ya Bolton kwa magoli 3 kwa 1, na muda ulikuwa unawaishia. Wakashinda 4 kwa 3. Stan Mortensen alifunga matatu peke yake. La ushindi lilifungwa dakika za mwisho kabisa na Bill Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini. Hata hivyo Waingereza hawakuiita fainali ya Mortensen, wala ya Perry. Mpaka leo ni Fainali ya Matthews, na Matthews siku ile hakutia mpira wavuni hata mara moja. Yeye alikuwa pembeni kulia, akimpita beki, akifika mwisho wa chaki, akirudisha mpira kwa wenzake. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya watazamaji wake. Walitazama mechi nzima, wakamtunuku aliyeandaa.

Umahiri ule haukuzaliwa siku hiyo. Stanley Matthews, mtoto wa kinyozi wa Hanley aliyekuwa pia bondia, aliingia timu ya Stoke City mwaka 1932 akiwa na miaka 17, na ile ya taifa mwaka 1934. Mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo cha pauni 8 kwa wiki, uwe fundi au uwe mtu wa kujaza nafasi. Mwaka 1938 alipotaka kuhama, maelfu ya watu wa Stoke walikusanyika kudai abaki. Akabaki. Vita vya 1939 vikammezea miaka ambayo mchezaji huwa katika kilele chake, naye akatoka upande wa pili akiwa bado na chenga yake ileile: anaegemea kushoto, beki anahama naye, kisha yeye yuko kulia na ameshakwenda. Kila beki wa Uingereza aliijua chenga hiyo. Kuijua hakukuwasaidia.

Lakini si chenga inayonifanya niandike. Ni kamba ya mpira.

Mipira ya enzi zile ilikuwa ya ngozi, na mdomo wake ulifungwa kwa kamba. Mvua ikinyesha, ngozi ilikunywa maji ikawa nzito, na anayeupiga kichwa mpira huo upande wa kamba aliweza kuchanika paji la uso. Inasimuliwa kwamba majalo ya Matthews yalimfikia straika huku kamba ikiwa imegeukia upande mwingine. Sijui ni mguu gani wa binadamu unaweza kupanga jambo kama hilo kutoka umbali wa mita thelathini, na huku beki anapumua mgongoni. Ila naona kwa nini waliocheza enzi zake walipenda kulisimulia. Walitaka kusema kwamba mtu huyu, hata akiwa mbioni, alilifikiria paji la mwenzake.

Watoto wa Kindu, mji wetu huku Kongo, wanaelewa hili bila kuelezwa. Mpira wetu wa utotoni ni mifuko ya nailoni iliyosokotwa na kufungwa kamba, na mahali kamba inapomalizikia pana fundo. Fundo hilo ukilipiga kichwa unaona nyota mchana. Pale Alunguli, ng'ambo ya mto, niliwahi kumwona mtoto aliyekuwa akiuinamia mpira kabla ya kuupiga kona, anaugeuza fundo likae chini, ndipo anaupiga. Wenzake walimharakisha, wakamzomea. Yeye aliendelea kuugeuza. Kona zake ndizo pekee zilizokuwa zikipigwa vichwa. Za wengine watu walizikwepa. Hakuna aliyemfundisha. Wala sijamwona mtu mzima akimsifu, na hilo linaniuma kuliko wale waliomzomea.

Nisimdanganye msomaji kwamba zamani mawinga wote walikuwa hivyo. Msimu wa 1932-33, Cliff Bastin wa Arsenal alifunga magoli 33 ya ligi akitokea pembeni kushoto, kwa kuwa kocha Herbert Chapman alimtaka aingie ndani afunge mwenyewe. Mbegu ya winga wa leo ilipandwa siku nyingi. Ila wakati ule Bastin alikuwa mmoja kati ya wengi. Siku hizi winga wa namna yake ndiye pekee anayefundishwa. Winga wa mguu wa kushoto anapangwa kulia, wa kulia anapangwa kushoto, ili kila mmoja aingie katikati na kupiga shuti. Pembeni pameachiwa mabeki. Ile subira ya kusimama umekanyaga chaki dakika kumi bila kuguswa na mpira, ukijua utakapokuja utakuwa na kazi moja tu, inaitwa uvivu.

Nasi Kongo tulikuwa na pembeni yetu. Miaka ileile Matthews alipokuwa kijana, timu zetu kubwa ndipo zilipozaliwa: V.Club 1935, Daring 1936, na ile ya wamonaki wa Lubumbashi tunayoiita leo Mazembe, 1939. Mavuno yao tuliyaona 1974. Kila mtu hapa atakuambia Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika kule Misri, na kwamba rekodi hiyo haijavunjwa. Muulize huyohuyo nani walikuwa pembeni mwa Ndaye. Atanyamaza. Alikuwa Kakoko, alikuwa Mayanga. Sisi tulihesabu magoli tu.

Mtaani Mikelenge yupo mzee mmoja ambaye vijana wanamwita Kochi. Jioni anawapanga watoto kando ya uwanja, na kwa saa nzima hawafanyi kitu kingine: kimbia mpaka kwenye kibendera, inua kichwa, piga majalo. Mtoto akiingia ndani na kufunga, hata liwe goli zuri namna gani, anasimamisha kila kitu. "Huo mpira haukuwa wako," anamwambia. "Ulikuwa wa mwenzako." Mtoto anajibu, "Ndiyo, Papa," anarudi pembeni. Uwanja wenyewe unazidi kupungua, upande mmoja umeshamegwa viwanja vya nyumba. Upande huo ndio uliokuwa na nyasi.

Najua mji huu bado unatoa watu. Maxi Nzengeli alitoka klabu yetu ya Maniema Union mwaka 2023 akaenda Yanga, na Novemba mwaka huohuo alifunga mawili Simba walipolala 5 kwa 1 Dar es Salaam. Tulishangilia kwa simu zetu, na tulikuwa na haki. Kisinda na Moloko walishapita njia hiyo kutoka Kinshasa. Watanzania wameujua utamu wa winga wa Kikongo, wanaununua. Ila video zinazozunguka Kindu ni za mashuti na magoli. Majalo hukatwa, maana mkataji wa video anaanzia pale mpira unapoingia wavuni.

Kochi amebakiwa na mtoto mmoja wa mguu wa kushoto anayeweza kuupeleka mpira mpaka mwisho wa chaki na kuurudisha pale anapotaka. Baba yake anataka ahamishiwe katikati. Nilikwenda kumsihi amwache mtoto pembeni, angalau miaka michache. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza: nani amewahi kujulikana kwa majalo? Nikamtajia Kakoko.

Akaniuliza Kakoko ni nani.